Nairobi hadi New York: kilomita 11,840, na saa zinazokataa kulingana

Msomaji wa Mombasa anauliza:

"Mtaalamu, shikamoo. Mama yangu ana miaka 71 na katikati ya Januari anakwenda New York kumwona mjukuu. Hajawahi kupanda ndege. Nimeangalia mtandaoni, umbali kutoka Nairobi mpaka uwanja wa JFK umeandikwa kilomita 11,840. Ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, nikagawa, nikapata saa 13 na kidogo. Tiketi inasema saa 15 kwenda na saa 14 kurudi, na kurudi ni katikati ya Februari. Lakini nikihesabu saa zilizoandikwa, anaondoka Nairobi Alhamisi 23:25 na kufika Ijumaa 06:25, yaani saa 7. Kurudi anaondoka 12:25 na kufika kesho yake 10:25, yaani saa 22. Hesabu ipi ndiyo ya kweli? Na ikiwa njia ni moja, mbona kurudi ni haraka kuliko kwenda? Vidonge vyake vya presha anameza kila siku saa 1 asubuhi. Huko angani atameza saa ngapi?"

Marahaba, mwanangu. Hesabu zako zote umezifanya vizuri. Zinagongana kwa sababu kila moja inapima kitu chake. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandaa makaratasi anayokabidhiwa rubani kabla hajaingia ndegeni: njia ya kupita, upepo wa njiani, mafuta ya kubeba, na viwanja vya kukimbilia kukitokea dharura. Umbali kati ya viwanja viwili haukuwahi kubadilika hata siku moja. Muda wa safari ulibadilika kila jioni. Kwa hiyo nakuomba ushike saa 15 za tiketi, kwa sababu hizo ndizo bi mkubwa atakazokaa kitini, na hizo nyingine tuzifumbue moja baada ya nyingine.

Nianze na zile saa 7 na 22, maana ndizo zinazowatisha watu. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi siku zote ni saa ya mji ule ulioandikwa pembeni yake. 23:25 ni saa ya Nairobi. 06:25 ni saa ya New York. Ukitoa moja kwenye nyingine unakuwa umetoa mchele kwenye maharage. Katikati ya Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Ndege inapofika mlangoni JFK saa 06:25 ya huko, kwenu Mombasa ni 14:25, saa 8 na dakika 25 mchana wa Ijumaa. Kutoka saa 5:25 usiku wa Alhamisi hadi saa 8:25 mchana wa Ijumaa ni saa 15 kamili. Kurudi ni vivyo hivyo: 12:25 ya New York ni 20:25 ya Nairobi, na kutoka hapo hadi 10:25 ya kesho yake ni saa 14. Saa 7 ongeza 8 unapata 15; saa 22 toa 8 unapata 14. Tiketi haikukosea.

Jambo moja la kuangalia: tofauti hiyo haibaki 8 mwaka mzima. Kenya haigeuzi saa, Marekani wanageuza. Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa zao mbele, na Jumapili ya kwanza ya Novemba wanazirudisha. Katikati ya hapo tofauti ni saa 7. Bi mkubwa akiamua kukaa na mjukuu hadi Aprili, usitumie tena hesabu ya 8.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna njia rahisi ambayo wenzetu hawana. Chukua saa ya Mombasa unavyoitaja kwa Kiswahili, toa 2 ikiwa ni majira yao ya baridi, au toa 1 ikiwa ni majira yao ya joto. Kinachobaki ndiyo saa ya New York kama inavyosomwa kwa Kizungu. Mombasa ni saa 8 mchana mwezi wa Januari: toa 2, New York ni 6, alfajiri. Mombasa ni saa 5 usiku mwezi wa Julai: toa 1, New York ni 4, alasiri. Namba ikiwa ndogo, kama saa 1 usiku, rudisha mshale nyuma kwenye uso wa saa: kutoka 1 unapita 12 unatua 11, na kweli kwao ni saa 11 ya Kizungu, kabla ya adhuhuri. Mfundishe bi mkubwa kabla hajaondoka, atajua mwenyewe kwenu ni saa ngapi bila kumuuliza mtu.

Sasa umbali. Kilomita 11,840 ni zaidi ya robo ya mzingo wa dunia, na zinapimwa juu ya mviringo, si juu ya ramani ya ukutani. Ukipata lile tufe la dunia linalouzwa madukani kwa ajili ya wanafunzi, chukua uzi wa kushonea, bana ncha moja Nairobi, nyingine New York, uvute mpaka ukaze. Mimi hufanya hivi na kila anayeniuliza, na kila mmoja hushangaa uzi unapolala. Kwenye ramani bapa mstari ulionyooka ungepita kaskazini mwa Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, ukatokea baharini upande wa Mauritania. Uzi hautaki kupita huko. Unaelekea kaskazini-magharibi tangu mwanzo: unavuka kaskazini mwa Uganda, unaingia Sudan Kusini, unakata kona ya Darfur, unapita Chad, unakanyaga Niger, unavuka Sahara ya Aljeria, kisha unashuka Moroko karibu kabisa na Marrakech. Huko ndiko unakoiacha Afrika. Baharini unapita kaskazini kidogo ya visiwa vya Azores vya Ureno, unapanda mpaka kusini ya Newfoundland ya Kanada, halafu unateremka taratibu kuingia New York. Njia ya ramani bapa ingekuwa ndefu zaidi kwa kilomita 350 hivi.

Kuna jambo kwenye uzi huo ambalo nataka umwambie mama yako. Kutoka Nairobi hadi pale unapotoka pwani ya Moroko ni kama kilomita 6,130. Nusu ya safari nzima ni 5,920. Yaani katika safari ya kwenda Marekani, zaidi ya nusu ya njia yuko bado juu ya Afrika. Watu wanaoogopa "kuvuka bahari" hudhani watakaa saa 15 juu ya maji. Ukiona kwenye ramani ya kioo kilicho mbele ya kiti kwamba bahari ndiyo kwanza inaanza, jua kwamba iliyobaki ni ndogo kuliko iliyokwisha.

Ndege halisi haifuati uzi kwa usahihi. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, ndege za abiria zimekuwa zikiikwepa anga ya nchi hiyo, kwa hiyo ile kona ya Darfur inazungukwa. Kuna maeneo ya mazoezi ya kijeshi, kuna mawingu ya radi ya ukanda wa Ikweta ambayo rubani anayapisha kwa mbali, na kuna barabara za angani ambazo waongozaji wa ndege wa kila nchi wamezipanga. Juu ya Atlantiki napo, ndege ya injini mbili lazima ipangiwe njia ambayo, injini moja ikizimika, iliyobaki itaifikisha kwenye uwanja ndani ya muda uliowekwa. Uwanja wa Lajes katika kisiwa cha Terceira, hapo hapo Azores, umewahifadhi wengi kwenye makaratasi yetu. Uutaje au usiutaje uwanja huo kwenye mazungumzo yako na bi mkubwa, wewe ndiwe ujuaye. Lakini kwangu mimi kujua kwamba mahali pa kukimbilia pamefikiriwa kabla mtu hajafunga mkanda ni faraja kubwa. Ukijumlisha mikunjo yote hiyo, kilomita 11,840 zinaweza kuwa 12,100 au zaidi.

Tuje kwenye swali lako la kurudi haraka. Wengi hujibu kwamba ni kwa sababu dunia inazunguka, eti New York inaikimbia ndege au Nairobi inaisogelea. Si hivyo. Hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinachofanya kazi ni upepo, na mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa upepo. Babu zetu walijua kwamba majahazi ya Uarabuni yanakuja na kaskazi na kurudi na kusi, na nahodha aliyetaka kwenda kinyume alingoja msimu au alilipa kwa siku nyingi baharini. Huko juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki katika ukanda ule wa kaskazini, na katikati yake unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Wakati wa baridi ya kaskazini, yaani miezi hii hii bi mkubwa anayosafiri, mkondo huo unapata nguvu zaidi na unavuma hata juu ya kaskazini mwa Afrika. Akienda, unampiga usoni. Akirudi, unamsukuma mgongoni.

Nikuonyeshe kwa namba za mfano. Zile kilomita 900 kwa saa ni mwendo wa ndege ndani ya hewa. Chukua njia halisi ya kilomita 12,100, na tuseme upepo wa njia nzima, ukichanganya mahali palipotulia na mahali palipochafuka, ni wastani wa kilomita 35 tu kwa saa. Kwenda, mwendo juu ya ardhi unakuwa 865, na 12,100 ukigawa kwa 865 unapata saa 13 na dakika 59. Kurudi, mwendo ni 935, unapata saa 12 na dakika 56. Upepo mdogo kama huo umeshaleta tofauti ya saa nzima. Usiku ambao mkondo umekaza zaidi, tofauti inapanuka.

Halafu kuna dakika zisizohesabiwa na anayegawa umbali kwa mwendo. Saa 15 za tiketi zinaanza pale kabari za magurudumu zinapoondolewa Nairobi, na zinaisha pale ndege inapowekewa kabari JFK. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda taratibu kabla ya kufikia mwendo kamili, kupunguza mwendo kabla ya kutua, na kutambaa tena hadi mlangoni. JFK ni uwanja mpana wenye msongamano, na kutambaa huko baada ya kutua kunaweza kumfanya abiria ajiulize kama anapelekwa New York kwa barabara. Weka dakika 45 kwa yote hayo: kwenda ni saa 14 na dakika 44, kurudi ni saa 13 na dakika 41. Shirika linaongeza robo saa hivi ya akiba ili lisiitwe limechelewa, na hapo ndipo zinapotoka 15 na 14 zako. Kwa hiyo rubani akitangaza kwamba muda wa kuruka leo ni saa 14 na nusu, bi mkubwa asidhani amepunjwa wala ndege inakimbizwa kupita kiasi. Rubani anataja muda wa hewani tu, kwa upepo wa usiku ule.

Labda unajiuliza mbona ndege inaondoka usiku wa manane karibu. Sababu mojawapo ni kufika New York asubuhi, abiria wapate kuunganisha safari za ndani ya Marekani. Nyingine iko ardhini kwetu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa na injini zinapata cha kushika kidogo kuliko pwani, na joto la mchana linaizidisha wepesi. Boeing 787-8, ndiyo aina iliyoianza njia hii tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilipofungua safari ya kwanza ya moja kwa moja, inaruhusiwa kuruka na uzito usiozidi tani 228 hivi, na matangi yake yanaingia lita 126,000 za mafuta. Safari ya urefu huu inadai sehemu kubwa ya mafuta hayo. Baridi ya usiku ya Nairobi inaisaidia ndege kuinuka na mzigo wake. Niliipenda sana hesabu hiyo, kwa sababu hali ya hewa ya Embakasi ya saa 5 usiku ilikuwa inaamua ni masanduku mangapi yatafika New York.

Kabla ya Oktoba 2018 hapakuwa na njia ila kuunganisha, na wengi hadi leo wanaunganisha kwa sababu ya bei. Hapo umbali unakuwa na maana ya kweli kwa mfuko na kwa miguu ya mama. Nairobi hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,680, na Amsterdam hadi JFK ni 5,850, jumla 12,530. Umeongeza chini ya kilomita 700, maana Ulaya haiko mbali sana na uzi wetu. Nairobi hadi Doha ni 3,350, na Doha hadi JFK ni 10,770, jumla 14,120. Hapo umeongeza karibu 2,280, kwa sababu unakwenda kwanza mashariki halafu ndiyo unageuka magharibi. Kwa kijana hilo si neno, hasa tiketi ikiwa nafuu. Kwa mtu wa miaka 71 anayesafiri peke yake mara ya kwanza, asiyejua Kiingereza cha matangazo ya uwanjani, mimi ningelipa zaidi apande ndege moja. Umefanya vyema kumchukulia ya moja kwa moja.

Sasa safari yenyewe, kutoka mlango hadi mlango, ambayo haimo kwenye tiketi yoyote. Tuseme anatoka nyumbani Mombasa saa 12 asubuhi ya Alhamisi, anapanda treni ya reli mpya Miritini, anashuka Syokimau, ambako si mbali na uwanja wa ndege. Anapumzika kwa jamaa, anakula, anaoga. Saa 2 usiku awe ameshaingia uwanjani, maana safari ya Marekani ina ukaguzi wa ziada. Saa 5:25 ndege inaondoka. Ijumaa 06:25 ya New York anafika. Foleni ya uhamiaji, alama za vidole, mzigo, forodha: mwekee saa moja na nusu hadi mbili. Gari hadi nyumbani kwa mwanawe, saa moja. Akiingia mlangoni 09:25 ya huko, Mombasa ni saa 11:25 jioni ya Ijumaa. Tangu alipofunga mlango wa nyumbani zimepita saa 35 na dakika 25, na ndege imechukua 15 tu kati ya hizo. Unapopanga chakula chake, nguo zake na usingizi wake, panga kwa saa 35. Akiamua kuruka kutoka Mombasa badala ya treni, safari yenyewe angani haifiki saa moja hivi, lakini bado ataingoja ndege kubwa mpaka usiku.

Na huo usiku ni mrefu. Jua la Nairobi katikati ya Januari linazama saa 12:40 jioni. Ndege inakwenda magharibi, inalifuata giza, na New York wakati huo jua halichomozi hadi 7:18 ya Kizungu hivi, yaani saa 9:18 alasiri kwenu. Tangu magharibi ya Nairobi hadi mapambazuko ya New York, bi mkubwa atakaa kwenye usiku mmoja wa zaidi ya saa 20. Mwambie mapema. Mtu mzima akiamka mara tatu, akachungulia dirishani na kukuta giza lile lile, anaweza kuingiwa na wasiwasi kwamba kuna jambo. Kama ni mtu wa swala, alfajiri ya New York inaingia karibu na wakati ndege inashuka, na foleni ya uhamiaji inaweza kumalizia muda uliobaki kabla ya jua. Amuulize sheikhe wake kabla ya safari namna ya kuswali kitini, asisubiri kuamua akiwa na mkanda umefungwa.

Hilo linanileta kwenye vidonge. Mwili wa mama yako haujui tiketi. Unajua tu kwamba tangu kidonge cha jana zimepita saa 24. Saa 1 asubuhi ya Mombasa siku ya Ijumaa itamkuta saa 7 na dakika 35 tangu kuondoka, karibu na pwani ya Moroko, ambapo saa ya mkononi mwake, kama hajaigusa, itaonyesha saa 1 kama kawaida. Kwa hiyo asiigeuze saa yake ndani ya ndege. Aibakize saa ya Mombasa mpaka afike, na kando yake abebe ile simu itakayojigeuza yenyewe. Shida inaanza siku ya pili: saa 1 asubuhi ya Mombasa ni 11 ya usiku wa Kizungu huko New York, karibu na usiku wa manane. Kuhamisha dozi kutoka usiku huo kwenda asubuhi ya huko ni uamuzi wa daktari wake, na daktari hawezi kuuamua ukimpa saa za tiketi peke yake. Mwandikie hivi kwenye kipande cha karatasi: kidonge cha mwisho kabla ya kupanda ndege Alhamisi saa 1 asubuhi, ndani ya ndege kuanzia saa 5:25 usiku wa Alhamisi hadi saa 8:25 mchana wa Ijumaa, zote saa za Mombasa, baada ya hapo tofauti ni saa 8 nyuma. Atakuambia dawa hiyo inasogezwaje. Vidonge vyote vikae kwenye mkoba wa mkononi, vikiwa kwenye pakiti zake za asili, pamoja na cheti cha daktari. Sanduku kubwa linaweza kuchelewa siku mbili. Dawa haiwezi kuchelewa.

Limebaki la tarehe, na hili sisi watu wa pwani tunaumizana nalo. Tiketi inasema Alhamisi 23:25. Bi mkubwa, kwa hesabu tuliyoirithi, ataita usiku huo usiku wa Ijumaa, kwa sababu kwetu usiku hutangulia mchana wake. Vijana nyumbani wakisikia "Ijumaa usiku" wataelewa siku ya pili yake. Shemeji yangu aliwahi kupoteza safari kwa mwanya huo huo, tena kwa tiketi iliyokuwa mbaya zaidi: iliandikwa Jumamosi 00:20. Alifika uwanjani Jumamosi saa 4 usiku, amevaa suti, ametanguliza watu wa kumsindikiza gari mbili. Ndege yake ilikuwa imeondoka karibu saa 22 zilizopita, usiku wa kuamkia Jumamosi. Nakumbuka alivyoishika ile karatasi karibu na taa akisoma namba zile zile mara ya nne. Kwa hiyo nyumbani semeni neno moja tu, "usiku wa kuamkia Ijumaa", na mtu asitumie jingine. Ukipata ujumbe wa shirika kwamba ndege imesogezwa mbele kwa saa moja, uamke: 23:25 ikiongezwa saa moja inakuwa 00:25, na tarehe ya tiketi inaruka kwenda Ijumaa ilhali usiku ni ule ule.

Siku yenyewe ikifika, usikae na simu mkononi tangu asubuhi. Ndege itafika saa 8:25 mchana wa Mombasa, upepo ukipenda itatangulia kidogo, kisha ana foleni mbele yake. Hesabu ule muda wa uhamiaji na mzigo, na umwambie kaka au dada yako aliyeko huko asimame mlango wa kutokea akiwa na koti zito mkononi, maana Januari ya New York haifanani na kitu chochote bi mkubwa anachokijua. Simu yake ya kwanza itegemee baada ya alasiri.